Jenerali "Asiyeshindwa" na Waliolipa Gharama



Katika historia ya vita vikuu vya mwaka 1914 hadi 1918 limo jina la jenerali mmoja wa Kijerumani ambalo vitabu vingi vya Ulaya vimelitaja kwa heshima tangu siku ile vita vilipokwisha. Jina hilo ni la Paul von Lettow-Vorbeck, aliyeyaongoza majeshi ya Ujerumani katika Afrika Mashariki. Sifa yake kubwa ni moja, nayo ni kwamba hakushindwa vitani. Husemwa kuwa kwa muda wa zaidi ya miaka minne alizungushana na majeshi ya Uingereza na makoloni yake, ya Ubelgiji na ya Ureno, na kwamba aliweka silaha chini kwa sababu tu serikali yake huko Ulaya ilikuwa imekwisha kuomba amani.

Sifa hiyo haikuzuka bure. Mtu akiipima kwa mizani ya askari, ataona kweli kwamba kikosi chake kikuu hakikuwahi kuzingirwa kikakamatwa, wala yeye mwenyewe hakutekwa. Lakini kila vita vina gharama, na gharama hiyo hapana budi ilipwe na mtu fulani. Swali ambalo mwalimu wa historia hana budi kuliuliza mbele ya wanafunzi wake ni hili: kama jenerali hakushindwa, ni nani aliyeshindwa badala yake? Jibu la swali hilo halipatikani Berlin wala London. Lipo Ugogo, Rufiji, Liwale, Masasi na ng'ambo ya mto Ruvuma.

ALIKOTOKEA JENERALI

Lettow-Vorbeck alizaliwa tarehe 20 Machi 1870 mjini Saarlouis, mtoto wa afisa wa jeshi la Prussia. Kwa desturi ya tabaka lake, alipelekwa katika vyuo vya kijeshi akiwa bado mtoto, akakua katika imani kwamba kazi ya mtu wa heshima ni kutii amri na kuamuru. Mwaka 1900 alipelekwa China pamoja na majeshi ya dola za kibeberu yaliyokwenda kuwazima Wachina waliosimama kuwapinga wageni.

Miaka minne baadaye alipelekwa Afrika ya Kusini-Magharibi, nchi ambayo leo ni Namibia. Huko Waherero walikuwa wameshika silaha kuutetea udongo wao, na Wanama wakawafuata. Lettow-Vorbeck alikuwa afisa katika makao makuu ya Jenerali Lothar von Trotha, yule ambaye mwezi Oktoba 1904 alitoa amri kwamba Mherero yeyote atakayeonekana ndani ya mipaka ya koloni, awe na bunduki au asiwe nayo, apigwe risasi. Waherero walisukumwa katika jangwa la Omaheke, na njia za kurudia kwenye maji zikazibwa. Maelfu kwa maelfu walikufa kwa kiu na njaa, na wengine wengi wakafia katika kambi za wafungwa. Mwaka 2021 serikali ya Ujerumani yenyewe ilikiri kwamba yaliyotendwa huko yalikuwa mauaji ya kimbari.

Mwaka 1906, katika mapigano na Wanama, Lettow-Vorbeck alijeruhiwa jichoni, akaondoka. Vita hivyo vilikuwa na mafunzo mawili kwa afisa wa aina yake. Fundisho la kwanza lilikuwa la mbinu: Wanama wachache waliweza kulichosha jeshi kubwa kwa kupiga na kutoweka. Fundisho la pili lilikuwa la kutisha zaidi, nalo ni kwamba katika vita vya makoloni njaa ya raia haikuhesabiwa kuwa aibu ya jeshi bali silaha yake.

Fundisho hilo la pili jeshi la Kijerumani la Afrika Mashariki lilikuwa nalo tayari hata kabla yeye hajafika. Katika vita vya Maji Maji, kati ya mwaka 1905 na 1907, lilichoma vijiji, maghala na mashamba ya watu wa kusini mpaka waliokufa kwa njaa wakawa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Hilo ndilo jeshi alilokuja kukabidhiwa.

NCHI ILIYOFANYWA CHAMBO

Lettow-Vorbeck aliteremka Dar es Salaam mwezi Januari 1914, akiwa na cheo cha Luteni Kanali. Alikuta askari Waafrika wapatao 2,500 na Wajerumani wasiozidi 300, waliogawanywa katika kombania 14 zilizotawanyika koloni zima. Kazi ya kombania hizo ilikuwa kuwatisha wananchi watoe kodi na kufanya kazi, wala haikuwa kupigana na dola nyingine.

Vita vilipoanza Ulaya mwezi Agosti mwaka huo, palizuka ubishi mkubwa kati yake na Gavana Heinrich Schnee, ambaye kwa sheria ndiye aliyekuwa mkubwa wake. Gavana alitaka koloni liepushwe na vita, akiutegemea Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885, ambao ulitoa nafasi kwa makoloni ya sehemu hiyo ya Afrika kutangazwa kuwa hayafungamani na upande wowote. Alifanya hivyo kwa ajili ya mashamba, reli na biashara ya Wajerumani, na hapana haja ya kumpamba kwa huruma asiyokuwa nayo. Lakini jenerali alikataa hata hilo. Hoja yake ilikuwa kwamba hatima ya koloni itaamuliwa Ulaya, na kwa hiyo kazi ya jeshi la Afrika Mashariki ni kuwavuta askari wengi wa adui na kuwashikilia huku, ili wasipelekwe katika uwanja wa vita wa Ufaransa.

Hoja hiyo husifiwa katika vyuo vya kijeshi kuwa ni ya akili sana. Nayo ilikuwa na maana gani kwa wenyeji? Maana yake ilikuwa kwamba nchi nzima, pamoja na watu wake waliozidi milioni saba, ilifanywa chambo cha kumvutia samaki. Mvuvi hamwulizi chambo shauri. Hapakuwa na mwenyeji hata mmoja aliyeulizwa kama yuko tayari kutoa shamba lake, mifugo yake na mwanawe ili askari fulani wa Uingereza asifike Ufaransa.

TANGA NA JASSIN

Jina la Lettow-Vorbeck lilitangaa kwanza kwa vita vya Tanga. Tarehe 2 Novemba 1914 Waingereza walifika hapo na merikebu zilizobeba majeshi wapatao 8,000 kutoka India, chini ya Jenerali Aitken. Lettow-Vorbeck aliwakabili kwa watu wapatao 1,000, aliowaleta kwa haraka kwa reli kutoka Moshi. Waingereza walichelewa, hawakupeleleza vizuri, na majeshi yao yalichoka kwa safari ya bahari. Nyuki walioshtuliwa na risasi nao waliwaongezea ghasia. Tarehe 5 walikuwa wamekwisha kurudi merikebuni, wakiacha nyuma bunduki, bunduki za rashasha na risasi nyingi sana. Watu zaidi ya 800 wa upande wao waliuawa, walijeruhiwa au walipotea. Upande wa Wajerumani mmoja wa waliokufa alikuwa Tom von Prince, afisa yule aliyemwandama Mtwa Mkwawa wa Uhehe katika miaka ya 1890.

Mwezi Januari 1915 jenerali alishinda tena huko Jassin, karibu na mpaka wa pwani. Lakini ushindi huo ulimgutusha. Alipoteza maafisa kadhaa ambao hakuwa na namna ya kupata wengine, na katika siku mbili alitumia risasi zipatazo 200,000. Hapo akaona kwamba akishinda mara chache namna ile, atakuwa amekwisha. Kuanzia siku hizo aliacha mapigano makubwa, isipokuwa pale alipoona faida, akashika mtindo wa kupiga na kurudi nyuma. Alishambulia mara kwa mara reli ya Waingereza ya kutoka Mombasa, na mizinga ya manowari Königsberg, iliyozama katika mlango wa mto Rufiji mwezi Julai 1915, ilitolewa majini ikakokotwa bara.

Katika muda huo jeshi lake lilikua hata likafikia Wazungu wapatao 3,000 na askari Waafrika zaidi ya 11,000. Sifa za utengenezaji wa vitu katika koloni lililofungiwa na manowari za Waingereza, kama vile dawa ya malaria iliyotengenezwa Amani, huko Usambara, huandikwa kwa jina la jenerali. Mara chache huandikwa kwamba nyuma ya kila jambo la namna hiyo palikuwa na mikono ya Waafrika waliolazimishwa.

HESABU YA MZIGO

Mwezi Februari 1916 Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini alishika uongozi wa majeshi ya Waingereza, na mambo yakabadilika. Moshi ilichukuliwa mwezi Machi. Dar es Salaam ilichukuliwa mwezi Septemba, na mwezi huo huo Wabelgiji waliotoka Kongo wakaingia Tabora. Reli ya Kati ikawa imepotea, na Lettow-Vorbeck akateremka kusini, kuelekea Rufiji.

Hapa ndipo mwalimu anapotakiwa kuacha ramani yenye mishale ya majeshi na kuwapa wanafunzi wake hesabu ndogo. Katika nchi yenye mbung'o, farasi na punda hawaishi. Barabara za motokaa zilikuwa chache, na mvua ikinyesha hata hizo hazipitiki. Kwa hiyo kila risasi, kila gunia la unga na kila sanduku la afisa lilibebwa kichwani. Chukua mchukuzi mmoja mwenye mzigo wa unga wa kilo 25, naye mwenyewe anahitaji kilo moja kwa siku. Akienda mwendo wa siku kumi na kurudi siku kumi, atakuwa amekula kilo 20, na jeshi litapata kilo tano tu. Mwendo ukizidi siku kumi na mbili kwenda, jeshi halipati kitu. Basi yako mambo mawili tu yanayoweza kufanyika: wachukuzi waongezwe maelfu kwa maelfu na wapunjwe chakula, au chakula kichukuliwe palepale jeshi linapopita. Majeshi ya pande zote mbili yalifanya yote mawili.

Hesabu rasmi za Waingereza zenyewe zinakubali kwamba wachukuzi wao wasiopungua 95,000 walikufa. Wengi hawakuguswa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi, baridi ya milimani na unga uliopikwa vibaya. Jina la Kariakoo mjini Dar es Salaam, na jina kama hilo mjini Nairobi, limetokana na kikosi hicho cha wachukuzi. Ama kwa upande wa Lettow-Vorbeck, wachukuzi wake hawakuandikwa kwa makini, na kwa hiyo hata idadi ya waliokufa haijulikani. Walikamatwa vijijini, wakaongozwa chini ya ulinzi, na waliojaribu kutoroka waliadhibiwa vikali. Kadiri vita vilivyoendelea ndivyo walivyozidi kulipwa kwa ahadi tu.

Yapo mambo ambayo walimu hasa wanapaswa kuyakumbuka. Walimu na makasisi Waafrika wa misheni ya Kiingereza ya UMCA walishukiwa kuwa wapelelezi wa adui. Walikamatwa, wakapelekwa vifungoni Tabora, wakapigwa na kubebeshwa mizigo, na baadhi yao wakafa. Kosa lao lilikuwa kujua kusoma na kuandika chini ya bendera isiyopendwa. Martin Kayamba, ambaye alisomeshwa na misheni hiyo, alikuwa miongoni mwa waliofungwa Tabora mpaka Wabelgiji walipoingia mwaka 1916.

NYUMA YA JESHI

Mwezi Oktoba 1917, huko Mahiwa katika wilaya ya Lindi, palitokea mapigano makali kuliko yote ya vita hivyo. Waingereza walipoteza watu wapatao 2,700 kati ya waliouawa na waliojeruhiwa, na Lettow-Vorbeck zaidi ya 500. Vitabu huita huo ushindi wake. Lakini yeye hakuwa na watu wa kujaza nafasi za hao 500, wala risasi za kutosha. Mwezi uliofuata aliwaacha nyuma mamia ya wagonjwa na majeruhi, akawachagua wenye nguvu, na tarehe 25 Novemba 1917 akauvuka mto Ruvuma na kuingia Msumbiji, akaiteka ngome ya Wareno huko Ngomano. Kundi jingine la jeshi lake, chini ya Kapteni Tafel, lilishindwa kuungana naye, likasalimu amri kwa njaa. Mambo hayo yanaonyesha kwamba neno "kutoshindwa" lina mipaka hata kwa mizani ya kijeshi yenyewe: tangu siku ile aliyoondoka Rufiji alikuwa akikimbia, na koloni alilotumwa kulilinda lilikuwa limekwisha kupotea.

Jeshi linalokimbia bila ghala huishi kwa maghala ya watu. Kila mahali lilipofika lilichukua mtama, mahindi, mihogo na mifugo, na lilipoondoka halikupenda adui akute chochote. Adui naye alipofika alichukua kilichosalia pamoja na wanaume. Daktari Ludwig Deppe, Mjerumani aliyefuatana na jeshi hilo, alikiri baadaye katika maandishi yake kwamba walikuwa wakiacha njaa nyuma yao. Ushahidi huo umetoka kinywani mwa mmoja wao, na hauwezi kuitwa chuki ya Waafrika.

Huko Ugogo majeshi ya Wajerumani yalichukua ng'ombe, nafaka na watu, kisha majeshi ya Waingereza yakaja yakachukua tena. Mvua zilipokosekana hapakuwa na akiba wala mikono ya kulima. Njaa iliyofuata, ambayo Wagogo waliiita Mtunya, iliendelea mpaka baada ya vita. Wanahistoria wanakadiria kwamba iliua watu 30,000, yaani mtu mmoja kati ya kila watano wa wilaya ya Dodoma. Kisha mwaka 1918 ikaja homa kali ya mafua iliyozunguka dunia nzima, ikawakuta watu waliokwisha kudhoofika. Makadirio yanayotajwa mara nyingi kwa koloni zima ni vifo vya raia wapatao 300,000. Hao hawakutajwa katika taarifa ya jenerali yeyote.

JE, LENGO LILITIMIA?

Lettow-Vorbeck alipata habari za kusimamishwa kwa vita tarehe 13 Novemba 1918, katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, baada ya mjumbe wa Kiingereza mwenye pikipiki kukamatwa. Alisalimu amri Abercorn, mji ambao sasa huitwa Mbala, tarehe 25 Novemba. Alikuwa na Wazungu 155, askari zaidi ya 1,100, na umati wa wachukuzi, wanawake na watoto. Katika wale askari zaidi ya 11,000 aliokuwa nao zamani, ndio hao tu waliosalia mkononi mwake. Wengine walikufa, wengine walitekwa, na maelfu walitoroka au walipotea. Ngano ya "askari mwaminifu" aliyemfuata bwana wake mpaka mwisho huwahesabu wale waliobaki na kuwasahau wale walioamua kwa akili zao kwamba vita vile si vyao.

Je, angalau alitimiza lile lengo la kuwavuta majeshi wasiende Ulaya? Hapa pia sifa ni kubwa kuliko tendo. Waliopigana naye kwa wingi walikuwa Wahindi, Waafrika wa Kings African Rifles, wa Nigeria, wa Gold Coast na wa Kongo, pamoja na Makaburu na Waingereza wa Afrika Kusini. Uingereza haikuwa na nia ya kuwapeleka askari wake Waafrika katika mahandaki ya Ufaransa. Kikosi cha Kings African Rifles peke yake kilikuzwa toka watu wapatao 2,400 hata wakafikia 35,000, na kilikuzwa kwa ajili ya vita vya huku huku. Huko Ufaransa mamilioni walikuwa wakipambana, na miaka minne ya Lettow-Vorbeck haikuichelewesha sana siku ya mwisho. Yaani chambo kililiwa chote, na samaki aliyekusudiwa hakuvuliwa.

SIFA BAADA YA VITA

Mwezi Machi 1919 jenerali alipita kwa farasi mjini Berlin, katika lango la Brandenburg, akishangiliwa na watu. Taifa lililoshindwa lilihitaji mtu asiyeshindwa, likampata. Mwaka huo huo alitumwa Hamburg na jeshi kuzima fujo za wananchi wenye njaa. Mwezi Machi 1920 aliunga mkono jaribio la kuipindua serikali ya jamhuri lililoongozwa na Kapp, likashindwa, akaondolewa jeshini. Mwaka huo huo alichapisha vitabu vya kumbukumbu zake, na vijana wa Kijerumani wakavisoma kama hadithi za mashujaa. Kuanzia 1928 hadi 1930 alikuwa mbunge wa chama cha wazalendo wa mrengo wa kulia. Wafuasi wa Hitler walipotwaa madaraka walilitumia jina lake kudai makoloni yarudishwe, na mwaka 1939 akapewa cheo cha heshima cha jenerali.

Alikufa Hamburg tarehe 9 Machi 1964, akiwa na umri wa miaka 93. Waziri wa Ulinzi wa Ujerumani Magharibi, Kai-Uwe von Hassel, ambaye mwenyewe alizaliwa Gare huko Usambara mwaka 1913, alimsifu mazishini kwamba hakushindwa vitani. Mwaka huo serikali yao iliamua kuwalipa askari wakongwe wa Afrika Mashariki mishahara yao iliyobaki tangu vita. Hilo lilikuwa jambo la haki, ingawa lilichelewa karibu nusu karne na wengi walikuwa wamekwisha kufa. Lakini malipo hayo yalikuwa ya walioshika bunduki. Mchukuzi hakutafutwa, na mwenye ng'ombe wa Ugogo hakuitwa.

Katika miaka ya karibuni Wajerumani wenyewe wameanza kuuliza. Kambi ya jeshi ya Leer iliyokuwa na jina la Lettow-Vorbeck ilipewa jina jingine mwaka 2010, na barabara kadhaa zimebadilishwa majina. Kama wajukuu wa waliomshangilia wanaweza kuipima upya sifa yake, itakuwa ajabu kuwaona wajukuu wa wachukuzi wakiikariri bila swali.

SOMO KWA WALIMU NA WATUMISHI

Katikati ya Dar es Salaam ipo sanamu ya askari iliyozinduliwa na Waingereza mwaka 1927. Maandishi yake yanawakumbuka pia wachukuzi, lakini aliyesimama juu ni mwenye bunduki. Masomo mengi ya historia yamefanana na sanamu hiyo. Mwanafunzi hujua tarehe ya vita vya Tanga na idadi ya mizinga ya Königsberg, asijue kwamba babu wa babu yake alikufa kwa Mtunya. Si lazima Lettow-Vorbeck afutwe vitabuni. Kumfuta ni kuwafuta pamoja naye wale waliomlipia. Linalotakiwa ni afundishwe pamoja na hesabu yake yote, na kila shule ya Dodoma, Rufiji, Lindi au Songea ikusanye majina ya njaa, ya njia za wachukuzi na ya vijiji vilivyohama, kabla kumbukumbu hizo hazijapotea kabisa pamoja na wazee wachache waliozirithi.

Kwa mtumishi wa umma lipo jambo jingine, nalo ni zito. Amri ya jenerali ilipofika kijijini haikuletwa na jenerali. Ililetwa na akida, na akida akampa jumbe, naye jumbe akahesabu nyumba. Ilikuwa imeandikwa kwa maneno makavu: wachukuzi kadhaa, magunia kadhaa, ng'ombe kadhaa. Aliyekaa mezani aliona tarakimu. Aliyekaa kijijini alimwona kaka yake akifungwa kamba. Baadhi ya majumbe walitekeleza hata wakazidisha, na wengine waliwaonya watu wakimbilie porini. Historia haikuhifadhi majina ya hao wa pili, lakini wapo watu wanaoishi leo kwa sababu yao.

Jambo la kutia moyo ni kwamba waliosoma waliopitia mateso yale hawakukaa kimya. Mwaka 1922, mjini Tanga, Martin Kayamba na wenzake walianzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali, wakakutanisha ndani yake watu wa dini na makabila mbalimbali. Walikuwa makarani na walimu, watu wa kalamu, na Kayamba mwenyewe alikuwa ameiona Tabora ya wafungwa. Jenerali alirudi kwao akiwa na nishani, akajengewa sifa. Hao walirudi makazini wakiwa hawana kitu, wakaanza kazi ya polepole ya kuwafanya wenyeji wahesabiwe kuwa watu katika nchi yao wenyewe. Mwalimu atakayeandika ubaoni jina la Lettow-Vorbeck na aliandike hilo la Kayamba kando yake, kisha awaachie wanafunzi waamue ni yupi kati ya hao wawili aliyeitumikia nchi hii.